Kutoka Watu 42 Hadi Sifuri

Mwaka 1968 wakazi wa kitongoji kimoja cha California walipiga kura kuamua kama mahali pao paitwe Nairobi. Hawakuwa wanatania. Walikwisha kuwa na shule ya watoto yenye jina hilo, iliyoanzishwa na mama mmoja mkakamavu, Gertrude Wilks, aliyechoshwa na kuona watoto weusi wanamaliza sekondari bila kujua kusoma sawasawa. Miaka ileile maduka nayo yakabeba jina la Nairobi, na mwaka 1969 kikafunguliwa Chuo cha Nairobi. Kenya ilikuwa imepata uhuru miaka mitano tu nyuma, na kwa Wamarekani weusi wa mtaa ule neno Nairobi lilinukia watu waliojitawala. Kura haikupita. Waliokataa walikuwa zaidi ya maradufu ya waliokubali, na jina la zamani, East Palo Alto, likabaki.

Miaka 24 baadaye jina hilo la zamani ndilo lililosomwa kwenye magazeti ya Marekani nzima. Mwaka 1992 waliuawa watu 42 katika mji uliokuwa na wakazi wapatao 24,000. Ukiigeuza hesabu hiyo kuwa kiwango kwa kila watu 100,000, unapata karibu 173, na hakuna mji mwingine wa Marekani uliofikia hapo mwaka ule. Wakauita mji mkuu wa mauaji. Kisha ukaja mwaka 2023. Mji uleule, sasa una watu wapatao 30,000, ukafunga mwaka bila mtu hata mmoja kuuawa, kwa mara ya kwanza tangu uwe mji kamili.

Anayeniuliza kuhusu uhalifu wa miji midogo humtupia namba hizi mbili kabla ya kumjibu neno lolote, nione atazifanyia nini. Wengi hurukia swali moja: walifanyaje? Ni swali zuri lakini limeruka hatua, kwa sababu namba hizi hazina uzito sawa. Ile 42 inasema jambo zito na inalisema waziwazi. Ile sifuri inasema kidogo kuliko inavyodhaniwa. Na katikati yake kuna miaka 30 ambayo hakuna gazeti lililokuwa na hamu nayo, na jibu limelala humo.

Shika penseli. Katika mji wa watu 30,000 kila anayeuawa hupandisha kiwango kwa 3.3. Wakiuawa watatu kwa mwaka, kiwango ni 10 kwa kila watu 100,000, karibu maradufu ya wastani wa Marekani wa miaka hii ya karibuni. Wakiongezeka watatu wengine, ambao huenda walikuwa ndani ya gari moja usiku mmoja, kiwango kinakuwa 20 na mhariri amepata kichwa cha habari: mauaji yaongezeka kwa asilimia 100. Wapeleke watatu hao Chicago, jiji lenye watu kama milioni 2.7, na kiwango kinasogea kwa 0.1 tu. Msiba ni uleule, na majirani wanalia vilevile. Kilichobadilika ni namba ya chini kwenye mgawanyo.

Twende mbele kidogo. Chukua mji ambao kwa wastani wa miaka mingi hupoteza watu watatu kwa mwaka kwa kuuawa, na tuseme hakuna chochote kinachobadilika: polisi ni walewale, vijana walewale, umaskini uleule. Kwa hesabu ya uwezekano peke yake, mwaka mmoja katika kila 20 utatoka sifuri, na mwaka mmoja katika kila 12 utatoka na watu 6 au zaidi. Mwaka wa sifuri mkuu wa polisi atapewa ngao. Mwaka wa sita atatakiwa ajiuzulu. Kazi aliyofanya ni ileile miaka yote miwili.

Lakini hesabu hiyohiyo haiwezi kuzaa 42. Hata mji wenye wastani wa 20 usingefika huko kwa bahati mbaya tu. Kufika pale lazima kitu kiwe kimevunjika, na pia lazima mauaji yawe yanazaana. Nimehesabu hapo juu kana kwamba vifo huanguka kimojakimoja kama matone ya mvua, jambo ambalo kila aliyekulia mtaani anajua si kweli. Aliyeuawa ana ndugu. Ndugu ana bunduki, au anamjua mwenye nayo. Kisasi cha Jumamosi huzaa mazishi ya Alhamisi, na mazishi hayo hukutanisha vijana wote wenye hasira mahali pamoja. Ndiyo maana katika miji midogo mauaji huja kwa mikupuo, na mkupuo mmoja huweza kuupa mji sifa ambayo itachukua kizazi kizima kuisafisha.

Basi kilivunjika nini East Palo Alto?

Mji huu ni mdogo kwa eneo, kilomita za mraba kama 6.5, na uko ukingoni mwa Ghuba ya San Francisco. Mtaa wake mkuu unaitwa University Avenue, na jina halidanganyi: ukiufuata kuelekea magharibi unavuka barabara kuu ya 101, unaingia Palo Alto yenye majumba na miti ya kivuli, na mwisho unafika kwenye lango la Chuo Kikuu cha Stanford. Ukiufuata kuelekea mashariki unakwenda kwenye daraja la Dumbarton linalovuka ghuba. Yaani mtaa mmoja unawaunganisha matajiri wa upande huu na wasafiri wa upande ule, na maskini wamekaa katikati.

Maskini hao hawakufika pale kwa bahati. Mwaka 1954, mzungu mmoja alipomuuzia mtu mweusi nyumba, dalali mashuhuri aitwaye Floyd Lowe alifungua ofisi na kuwatisha wazungu waliobaki kwamba weusi wanakuja kwa wingi na bei za nyumba zitaporomoka. Wakauza haraka kwa bei ya chini, naye na wenzake wakawauzia weusi kwa bei ya juu, weusi ambao hawakuruhusiwa kununua kwingineko. Mwanahistoria Richard Rothstein ameieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu ubaguzi wa makazi Marekani. Miaka hiyohiyo upanuzi wa barabara ya 101 ukafagia sehemu kubwa ya maduka ya kitongoji. Mwaka 1958 shule ya sekondari ya Ravenswood ilifunguliwa. Mwaka 1976 ikafungwa, na watoto wakaanza kupakiwa kwenye mabasi kwenda kusoma miji ya wazungu. Wanaoikumbuka filamu ya Dangerous Minds ya mwaka 1995 waliwaona watoto hao bila kujua: mwalimu aliyeandika kitabu kilichozaa filamu ile alifundisha sekondari ya Carlmont, ilikopelekwa sehemu ya watoto wa mabasi hayo.

Kitongoji kikawa mji kamili mwaka 1983, kwa kura iliyopita kwa tofauti ya watu 15 tu na ambayo ilipingwa mahakamani hadi 1986. Fikiria hali ya mji huo mchanga. Kodi Marekani hutegemea sana maduka, ofisi na thamani ya nyumba, na mji huu haukuwa na viwanda wala ofisi kubwa, na kwa miaka mingi haukuwa hata na duka kubwa la chakula. Ulichokuwa nacho kwa wingi ni pombe. Sheria ya California ilikuwa imekataza kuuza vileo umbali wa maili moja na nusu kutoka Stanford, kwa hiyo maduka ya vileo yalijipanga mara tu mpaka huo ulipoishia, kwenye kipande cha University Avenue kilichoitwa Whiskey Gulch. Wanafunzi walivuka mpaka huo kwenda kununua walichokatazwa nyumbani. Kabla ya dawa za kulevya kuingia, njia ya wateja ilikwisha kuchongwa.

Halafu kokeni ya kuvuta, ile iitwayo kreki, ikaingia katikati ya miaka ya 1980. Mji ulikuwa na miaka miwili mitatu, jeshi lake la polisi likiwa ndiyo kwanza linajifunza kutembea. Kete moja iliuzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule angeimudu, na biashara hii haikuhitaji ofisi: kona tu, taa ya barabarani na kijana wa kusimama. Teja wa Palo Alto au wa ng'ambo ya daraja alishuka kutoka barabara kuu, akanunua bila kuzima gari, akaondoka. Nalisisitiza hilo kwa sababu magazeti yaliandika kana kwamba East Palo Alto iliugua peke yake. Fedha iliyokuwa ikigombewa kwenye kona zile kwa sehemu kubwa ilitoka nje, ikiwa ndani ya magari ya watu ambao jioni walirudi kulala kwenye miji isiyo na mauaji. Hesabu ya wafu ikaandikwa upande mmoja wa barabara.

Kona ni mali isiyo na hati. Ukinyang'anywa huwezi kwenda mahakamani, na ukionekana mnyonge utanyang'anywa kesho. Weka hapo bunduki za bei nafuu, vijana wa miaka 17 na polisi wachache waliochoka, na hutahitaji nadharia ya ziada kuieleza 42.

Mwaka uliofuata, 1993, mauaji hayakufika 10. Anguko hilo ndilo linalosimuliwa zaidi, na kila mtu ana mhusika wake. Polisi wanasema ni msaada wa majirani: Palo Alto, Menlo Park, sherifu wa kaunti ya San Mateo na askari wa barabara kuu wa jimbo walileta watu wao kushika doria katika mji ambao si wao. Wachungaji wanasema ni maandamano na maombi. Wakazi wa kona zenyewe, mara nyingi nimewasoma wakisema kwa maneno machache: waliokuwa wanauana walikwisha, baadhi kaburini, wengine gerezani.

Mimi nawapa polisi wageni sehemu yao, na si ndogo. Doria ya kuonekana kwenye kona chache ni miongoni mwa mambo machache ambayo utafiti wa uhalifu umeyathibitisha mara nyingi. Teja anayeona gari la polisi kwenye kila njia ya kutokea barabara kuu anaenda kununua kwingine, na kona isiyo na wateja haistahili mtu kuifia. Lakini mwaka unaofuata mwaka wa kutisha kupita kiasi huwa bora hata asipofanya mtu kitu, kwa sababu mikupuo huisha. Anayejitapa kwamba yeye ndiye aliyeishusha 42 ajibu pia kwa nini hakuizuia isipande.

Zaidi ya hayo, hadithi haikuishia 1993. Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukunja mkeka. Mauaji yalipungua, hayakutoweka. Yalipanda na kushuka mwaka hadi mwaka katika miaka yote ya 1990 na kuingia ya 2000, kwa viwango ambavyo vingeutikisa mji wowote jirani. Januari 2006 askari mmoja wa mji alipigwa risasi na kufa akiwa kazini. Mtu aliyeutazama mji mwaka huo asingeona ushindi wowote.

Kazi ya miaka hiyo ya kati ilikuwa ya polepole na haikuwa na picha nzuri. Ronald Davis, aliyekuwa mkuu wa polisi kuanzia 2005 hadi 2013 na ambaye baadaye aliongoza idara ya askari wa mahakama ya serikali kuu ya Marekani, alianza na watu ambao polisi wengi huwasubiri warudie kosa: wafungwa waliokuwa wakitoka gerezani kwa msamaha wa masharti. Akashirikiana na idara ya magereza ya jimbo kuendesha mpango wa kuwapokea, kuwatafutia kazi na kuwafuatilia, mpango uliosimamiwa na polisi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 idara yake ilichora ramani ya mahali risasi zilikosikika mara nyingi, kisha ikapeleka huko mazoezi ya viungo: kutembea pamoja, baiskeli, kucheza muziki, askari na wakazi wakiwa jasho moja. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaona mantiki yake. Bustani iliyoachiwa wenye bunduki hurudi mikononi mwa wenye watoto kwa njia moja tu, nayo ni watu wa kawaida kuijaza kila jioni.

Mkono mwingine haukuwa mlaini. Mwishoni mwa 2014 vyombo kadhaa vya dola viliungana kuwakamata wanachama wa magenge machache waliodaiwa kuhusika na wimbi la risasi mjini humo na miji jirani. Wapenda jela husimulia mkono huu peke yake, na wapenda huruma husimulia ule wa mazoezi. Mji ulitumia yote miwili, na kilichounganisha mikono hiyo ni kwamba yote ililenga watu wachache na kona chache zenye majina.

Ng'ambo ya kaskazini ya ghuba, mji wa Richmond ulifikia hitimisho hilohilo kwa njia iliyowakera wengi. Mwaka 2007 walipouawa watu 47, uliunda ofisi ya usalama wa mitaa iliyo nje ya polisi, ikawatafuta vijana wachache walioaminika kuwa nyuma ya sehemu kubwa ya risasi, ikawapa walezi wa kuwafuata kila siku na, wakitimiza ahadi zao, posho ya kila mwezi. Mwaka 2014 waliuawa 11. Camden, karibu na Philadelphia, ulikwenda njia tofauti kabisa: baada ya kupoteza watu 67 mwaka 2012 uliivunja idara yake ya polisi na kaunti ikaunda mpya mwaka 2013, na ndani ya miaka michache vifo vilishuka chini ya nusu. Miji mitatu, dawa tatu. Kila mtetezi huchukua mji unaompendeza na kuuacha ule unaomkera.

Na kuna bahari. Watu wa pwani watanielewa haraka: maji yakipwa, kila ngalawa hushuka, hata ile ambayo nahodha wake amelala. Kiwango cha mauaji cha Marekani nzima kilikuwa 9.8 mwaka 1991 na kikashuka hadi karibu 4.4 mwaka 2014. Nchi nzima ilishusha kiwango chake kwa zaidi ya nusu bila kuwa na mkuu mmoja wa polisi wala mchungaji mmoja. Soko la kreki lilidorora, magereza yalijaa, uchumi ulipanda, na wataalamu hadi leo wanabishana kuhusu mafungu. Mwaka 2020 maji yakajaa ghafla: mauaji yaliongezeka kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka mmoja, ongezeko ambalo halijawahi kuonekana tangu takwimu za kitaifa zianze kuwekwa vizuri miaka ya 1960. Kisha 2023 na 2024 yakapwa tena kwa kasi. Sifuri ya East Palo Alto imeangukia ndani ya kupwa huko. Ngalawa yake ilishuka zaidi ya wenzake, hilo sina ubishi nalo, na tofauti hiyo ndiyo mali halali ya mji: kilichobaki baada ya kuyatoa maji ya bahari.

Sasa swali linalowauma wenyeji: ni mji uleule? Whiskey Gulch ilibomolewa. Mahali pake pana majengo ya ofisi na hoteli ya Four Seasons iliyofunguliwa 2006. Kiwanja cha sekondari ya Ravenswood kimekuwa kituo cha maduka. IKEA ilifungua milango 2003. Facebook ilihamia Menlo Park, hatua chache kutoka mpakani, mwaka 2011, na Amazon ikafungua ofisi mjini humo 2017. Nyumba ya kawaida, ambayo dalali wa 1954 aliinadi kwa vitisho, sasa inauzwa karibu dola milioni moja. Mwaka 1990 weusi walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi; sasa ni kama mmoja katika kila kumi, na karibu theluthi mbili ni watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wengi waliohama walikwenda Bonde la Kati la California, Stockton, Tracy na kwingineko, kwenye kodi nafuu za nyumba na safari ndefu za kazini.

Hivyo kuna wanaosema mauaji hayakupunguzwa, yalihamishwa pamoja na watu. Naielewa hasira iliyomo, lakini kalenda haikubaliani nao. Anguko kubwa lilitokea 1993, miaka 10 kabla ya IKEA na 18 kabla ya Facebook, wakati nyumba za mji bado hazikumvutia tajiri yeyote. Fedha ilifuata utulivu. Kuhusu mteremko wa pili, ule wa miaka ya 2010 kuja hapa, sina ujasiri huo. Polisi walibadilika, wakazi walibadilika na bei zikabadilika kwa wakati mmoja, na katika mji wenye mauaji machache kiasi hiki hakuna kanuni ya takwimu itakayotenganisha nyuzi hizo. Anayedai amezitenganisha anauza kitu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya wafu hulificha, nalo ni daktari. Hospitali ya Stanford, yenye kitengo cha daraja la juu kabisa cha majeruhi, iko umbali wa dakika chache kutoka kwenye kona zile. Aliyepigwa risasi ya tumbo akafika kwa dakika 10 mara nyingi huishi. Huyohuyo kwenye mji ulio mbali na hospitali huweza kuingia kwenye takwimu za mauaji. Kidole kilichovuta kifyatuo kilikusudia jambo lilelile. Kwa hiyo mchambuzi wa mji mdogo asiyetaka kudanganywa na sifuri ahesabu watu waliopigwa risasi, wafu na walio hai, kwa miaka mitano mitano. Namba hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo hairukiruki, na inasema zaidi kuhusu bunduki kuliko inavyosema kuhusu madaktari. Mitambo ya kusikiliza milio ya risasi, iliyojaribiwa miaka ya 1990 katika Redwood City iliyo jirani, inasaidia kidogo tu: husikia hata mlio ambao hakuna aliyepiga simu kuuripoti, lakini pia husikia fataki, na Chicago imeachana nayo mwaka 2024.

Usikubali pia kulishwa jumla iitwayo uhalifu wa kutumia nguvu. Shirika la upelelezi la FBI huweka humo mambo manne: mauaji, ubakaji, unyang'anyi na shambulio la kudhuru mwili. Katika mji mdogo mawili ya mwisho ndiyo karibu jumla yote. Jumla ikipanda kwa asilimia 20, huenda ni simu zilizonyang'anywa kwenye maegesho ya duka kubwa, na walionyang'anywa si wakazi kabisa, ingawa kiwango kinagawanywa kwa idadi ya wakazi. Tafsiri ya ubakaji ilipanuliwa mwaka 2013, na mwaka 2021 mfumo mzima wa kuripoti ukabadilishwa, maelfu ya idara za polisi zikachelewa kujiunga. Mstari unaovuka miaka hiyo kwenye grafu una viraka, hata kama mchoraji ameupaka rangi moja.

Kwetu tatizo liko upande wa pili. Takwimu za polisi Tanzania hutolewa zaidi kwa mkoa, na Kenya kwa kaunti, kwa hiyo mji wa watu 30,000 humezwa ndani ya namba ya watu milioni moja au mbili. Mji mdogo wa kwetu hauwezi kuitwa mji mkuu wa mauaji, ambayo ni heri. Lakini pia mkazi wake hawezi kujua kama mwaka ule wa panga na ujambazi anaoukumbuka ulikuwa mkupuo au ndio ulikuwa mwanzo wa hali mpya. Anabaki na kumbukumbu ya mazishi aliyohudhuria, nayo ni takwimu mbovu, ingawa ndiyo pekee aliyonayo.

East Palo Alto itaendelea kuhesabiwa kwa mwaka, kwa sababu bajeti ni za mwaka na magazeti yanapenda Januari. Baada ya mwaka wa sifuri, auawe mtu mmoja tu, mhariri atataka kuandika kwamba mauaji yameongezeka kwa asilimia fulani. Atachukua kikokotoo, na kikokotoo hakigawi kwa sifuri. Itabidi aandike kwamba amekufa mtu mmoja, na ataje alikuwa nani.